Kompyuta Inapokurudisha Mlangoni
Namna ya kutafuta kasoro ya kuingia katika mfumo endeshi huria

Mwalimu anaiwasha kompyuta ya maabara ya shule. Skrini inamwonyesha orodha ya majina. Analichagua jina lake, anaandika neno la siri, kisha anabonyeza kitufe cha kuingiza. Skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde mbili au tatu, na pale anapotazamia kuyaona mafaili yake, orodha ile ile ya majina inamrudia kana kwamba hakuandika chochote. Anajaribu tena kwa uangalifu zaidi, herufi moja moja. Matokeo ni yale yale. Mashine haikumwambia kwamba amekosea, wala haikumkaribisha ndani.

Kasoro hiyo inafahamika sana kwa watumiaji wa Linux, mfumo endeshi huria ambao baadhi ya shule huutumia kwa sababu haudai malipo ya leseni na hukubali kufanya kazi hata katika mashine kuukuu. Dawa inayopendekezwa kwa haraka ni kufuta kila kitu kilichomo katika diski na kuuweka mfumo upya. Ni kweli kwamba baada ya hapo mashine hufunguka. Lakini alama za mitihani, ripoti za majaribio na maandishi ya wanafunzi huwa yamekwenda na maji. Hiyo ni tiba inayoondoa homa kwa kumzika mgonjwa.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza yale yanayotendeka ndani ya mashine mtu anapoingia, na kuonyesha kwamba mwalimu wa sekondari, au hata mwanafunzi wa kidato cha tatu, aweza kuitafuta kasoro hii kwa njia ile ile anayoitumia kutafuta waya uliokatika katika sakiti ya umeme. Haihitajiki elimu ya uchawi. Kinachohitajika ni kupima kabla ya kutibu.

Hodi na sababu yake

Afikaye kwenye mji wa watu hubisha hodi. Wenyeji huuliza ni nani, naye hujitaja. Akitambuliwa huambiwa karibu. Kompyuta za mwanzo hazikuhitaji desturi hii, kwa sababu kila moja ilitumiwa na mtu mmoja kwa wakati wake. Haja ilizuka mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walipotengeneza mfumo ulioitwa CTSS. Mfumo huo, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961, uliwawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa zamu fupi fupi mno, hata kila mmoja akadhani kuwa anaitumia peke yake. Kwa kuwa mafaili ya watu wengi yalikaa katika mashine moja, ilibidi kila mmoja apewe jina na neno la siri.

Ulinzi huo haukuwa kamili. Mwaka 1966 kosa katika mfumo huo lilisababisha faili lenye maneno ya siri ya watumiaji wote kuonyeshwa mahali pa ujumbe wa makaribisho, na kila aliyeingia akasomewa siri za wenzake wote. Fundisho likawa kwamba neno la siri halifai kuhifadhiwa kama lilivyo. Leo katika Linux neno lako la siri husagwa kwa hesabu maalumu, na kinachowekwa katika diski ni ule unga tu. Unapobisha hodi, neno unaloliandika husagwa kwa namna ile ile, na unga huo mpya hulinganishwa na ule wa akiba. Kama vile hakuna awezaye kuurudisha unga wa ulezi uwe punje za ulezi, ndivyo hata mkuu wa mfumo asivyoweza kukusomea neno lako la siri. Awezalo ni kukupa jipya.

Linux yenyewe ni mjukuu wa kazi hizo za zamani. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara za Bell, Marekani, walianza kutengeneza mfumo wa UNIX. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo unaofanana na huo, ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, akatoa kiini kilichokuja kuungana na zana za GNU. Neno "huria", basi, lina maana pana kuliko "bure": linamaanisha kwamba mashine haikufichi kitu. Tutaona hivi punde faida ya jambo hilo kwa mtafutaji wa kasoro.

Mlango na chumba

Kosa kubwa linalofanywa na watu wengi ni kudhani kuwa kuingia ni tendo moja. Kwa hakika ni matendo mawili yanayofuatana, na kila moja lina kasoro zake.

Tendo la kwanza ni utambulisho. Hapa mfumo hulinganisha jina na neno la siri kama tulivyoeleza, na hutoa jibu moja kati ya mawili: ndiye, au siye. Tendo la pili ni kuanzisha kikao. Mfumo ukisharidhika kuwa mtu ni yeye, huanzisha programu kadhaa kwa jina lake. Programu hizo huingia katika saraka yake, yaani sehemu ya diski aliyogawiwa yeye, zikasoma mafaili ya maandalizi yaliyomo. Huandika humo mafaili madogo ya kazi. Kisha huchora eneo-kazi, yaani picha, vibonye na madirisha anayoyaona mbele yake. Jumla ya programu hizo, tangu anapokaribishwa mpaka anapoaga, ndiyo inayoitwa kikao.

Sasa tufikirie jambo moja. Mtumiaji anapomaliza kazi na kuaga, kikao chake hufungwa, na mfumo huirudisha orodha ya majina ili mwingine aweze kuingia. Hiyo ni kanuni yake: kikao kikiisha, rudi mlangoni. Mfumo haujali kama kikao kilidumu kwa saa tatu au kwa sekunde mbili. Ikiwa mojawapo ya programu za lazima itashindwa mwanzoni kabisa, kikao kitakufa papo hapo, na kanuni ile ile itamrudisha mtu mlangoni.

Hapa ndipo ilipo siri ya ile skrini nyeusi. Mwalimu wetu hakukataliwa. Alitambuliwa, akakaribishwa, kikao chake kikazaliwa na kufa kabla hajakiona. Kule kurudishwa mlangoni bila ya kuambiwa kuwa neno la siri si sahihi ni ushahidi kwamba neno la siri lilikuwa sahihi. Kwa hiyo anayeendelea kulibadilisha neno la siri, au kulaumu kibodi, anatengeneza kitasa cha mlango uliokwisha funguka. Kasoro imo chumbani.

Maswali matano

Fundi wa umeme hakati waya zote ili ajue ni upi mbovu. Hugawa sakiti sehemu mbili, akapima, akaiacha sehemu iliyo nzima. Nasi tugawe vivyo hivyo, kwa kuuliza maswali matano kwa mpangilio.

Swali la kwanza: je, mlango umekataa au umekubali? Kama mashine imesema kuwa neno la siri si sahihi, kasoro iko katika utambulisho. Tazama kwanza kitufe cha herufi kubwa, Caps Lock, kisha mpangilio wa kibodi, kwani mashine iliyoletwa kutoka nchi nyingine yaweza kuwa na mpangilio ambao herufi au alama zake hazilingani na zilizochapwa kwenye vitufe. Kama mashine haikusema neno ila imekurudisha tu, nenda kwenye swali la pili.

Swali la pili: je, mtumiaji mwingine anaingia? Hili ni jaribio la kulinganishia, kama lile la mche uliowekwa kivulini na mwenzake uliowekwa juani. Ikiwa mwingine anaingia bila taabu, basi diski, kadi ya picha na mfumo kwa jumla ni vizima, na kasoro imo katika saraka ya yule mmoja. Ikiwa hakuna aingiaye, kasoro ni ya wote.

Swali la tatu: je, inawezekana kuingia kwa maandishi? Linux huwa na milango zaidi ya mmoja. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Alt na F3. Skrini itageuka kuwa nyeusi yenye maandishi meupe, ikuombe jina na neno la siri. Wanafunzi watahadharishwe kwamba hapa neno la siri halionekani kabisa linapoandikwa, hata kwa nyota. Si kwamba kibodi imekufa. Ukiingia, umepata uthibitisho wa pili kwamba mlango ni mzima, na umepata mahali pa kufanyia uchunguzi. Ukitaka kurudi kwenye orodha ya majina, bonyeza Ctrl, Alt na F1. Katika matoleo ya zamani ilikuwa F7.

Swali la nne: je, diski ina nafasi, na inakubali kuandikwa? Andika amri "df -h". Jedwali litakalotokea huonyesha kila sehemu ya diski, ukubwa wake, kiasi kilichotumika na asilimia yake. Ukiona asilimia 100 kwenye mstari wa alama "/" au wa "/home", umeipata sababu: kikao kinahitaji kuandika mafaili yake madogo, na hakina mahali pa kuyaandika. Kisha andika "touch jaribio", amri inayounda faili tupu. Ukijibiwa kwa maneno "Read-only file system", maana yake ni kwamba diski inasomeka lakini haiandikiki. Tutaieleza hali hiyo baadaye.

Swali la tano: je, mafaili ya mtumiaji ni mali yake? Andika "ls -la". Kila mstari utaonyesha jina la faili pamoja na jina la mwenyewe. Ikiwa katika saraka ya mwanafunzi kuna mafaili ambayo mwenyewe ni "root", yaani mkuu wa mfumo, kuna uwezekano mkubwa kuwa hapo ndipo penye shida, hasa likiwa ni faili liitwalo ".Xauthority". Hilo ni hati ndogo ya ruhusa ya kuchora kwenye skrini, iliyoletwa na mfumo wa picha wa X ulioanzia MIT mwaka 1984. Kama kikao hakiwezi kuiandika hati hiyo, hakiwezi kuchora kitu, nacho hufa. Matoleo mapya ya Linux hutumia zaidi mfumo mwingine wa picha uitwao Wayland, ulioanzishwa mwaka 2008, lakini kanuni haikubadilika: kikao kisichoweza kuandika katika saraka yake hakina maisha.

Ikiwa maswali yote matano hayakutoa jibu, hapo ndipo tunapoufaidi uhuria wa mfumo. Amri ya "journalctl -b" hufungua daftari la matukio tangu mashine ilipowashwa. Humo mashine imeandika, sekunde kwa sekunde, ni programu gani iliyoanza na ni ipi iliyoshindwa. Tazama saa uliyojaribu kuingia, soma mistari iliyo karibu nayo. Kama daftari linataja kadi ya picha, na kama kasoro ilianza mara baada ya mfumo kuongezewa programu mpya, jaribu kuiwasha mashine kwa kiini cha zamani, ambacho kwa kawaida huwa kingali katika orodha inayotokea mwanzo wa kuwasha.

Mkasa wa mashine mbili

Nilipokuwa likizoni nyumbani Tarime, nilialikwa katika shule moja ya sekondari ya wilaya hiyo kuwazungumzia wanafunzi juu ya masomo ya sayansi. Baada ya mazungumzo mwalimu wa jiografia alinivuta pembeni. "Daktari," akasema, "kabla hujaondoka, naomba utuangalizie kompyuta mbili. Fundi amekwisha shauri zifutwe, lakini moja ina mvua yetu."

Mvua aliyoitaja ilikuwa ni vipimo. Kwa muda wa miaka mitatu wanafunzi wa klabu ya sayansi walikuwa wakisoma kipimamvua kilichosimikwa nyuma ya bweni, kila siku saa tatu asubuhi, na kuingiza milimita katika jedwali la kompyuta. Kwa wakulima wa vilima vile, ambao huamua siku ya kupanda kwa kuzitazama mvua za vuli na za masika, jedwali hilo lilikuwa na thamani kuliko mashine yenyewe. Mvua ya mwaka uliopita haiwezi kupimwa tena.

Kompyuta zote zilikuwa kuukuu, zenye diski za gigabaiti 40, na ziliendeshwa na Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, ambalo lilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kila moja ilikuwa na watumiaji wawili: "mwalimu" na "mwanafunzi".

Kabla ya kugusa kitu tuliokoa kwanza. Kompyuta huweza kuwashwa kwa mfumo uliomo katika flashi bila ya kuubadilisha ule ulio katika diski. Tulifanya hivyo, tukaifungua saraka ya "mwanafunzi" kama mtu afunguaye kabati kwa mlango wa nyuma, na tukalinakili jedwali la mvua kwenye flashi mbili. Mwalimu akapumua. Tangu hapo hatukuwa na cha kupoteza ila muda.

Katika mashine ya kwanza, si "mwalimu" wala "mwanafunzi" aliyeweza kuingia. Kasoro basi ilikuwa ya wote. Kwa maandishi tuliingia. Amri ya "df -h" ikajibu: asilimia 100. Wanafunzi wakashangaa. "Lakini filamu tulizifuta zote!" akasema mmoja wao, na uso wake ukamsaliti kuwa alikuwa miongoni mwa waliozileta. Alisema kweli, ila hakujua kwamba katika eneo-kazi kufuta ni kuhamisha tu: faili huingia katika kapu la taka, na hukaa humo likishika nafasi ile ile mpaka kapu litakapomwagwa. Katika kapu la "mwanafunzi" mlikuwa na gigabaiti 17 za filamu. Tulipolimwaga, mashine ilifunguka kwa mara ya kwanza.

Msomaji makini atauliza: kama diski ilikuwa imejaa kabisa, tuliwezaje kufanya kazi ndani yake? Jibu ni kwamba mafaili ya Linux kwa kawaida hupangwa kwa utaratibu uitwao ext4, ambao tangu mwanzo hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mkuu wa mfumo peke yake. Katika diski ya gigabaiti 40 hiyo ni kama gigabaiti 2. Watumiaji wa kawaida huambiwa kuwa ghala limejaa, hali mwenye ghala ana gunia la akiba la kumwezesha kuingia na kusafisha.

Mashine ya pili ilikuwa na dalili ile ile, lakini ugonjwa mwingine. Hapa "mwalimu" aliingia bila shida, "mwanafunzi" akarudishwa. Kwa jaribio hilo moja tulijua kwamba diski haikujaa na kadi ya picha haina kosa. Tukaenda moja kwa moja kwenye swali la tano, na tukalikuta faili la ".Xauthority" la "mwanafunzi" likiwa mali ya "root". Ilibainika kuwa siku moja eneo-kazi lilikataa kufunguka, mtu akaingia kwa maandishi akiwa "mwanafunzi", akaanzisha picha kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo. Picha zilitokea, lakini hati ya ruhusa iliandikwa kwa jina la mkuu, na tangu siku hiyo mwenye chumba hakuweza kuigusa. Tuliandika "mv .Xauthority .Xauthority.zamani", yaani tulilibadilisha jina faili hilo badala ya kulifuta, ili tuweze kulirudisha kama tumekosea. "Mwanafunzi" alipoingia tena, mfumo ulimwandikia hati mpya kwa jina lake.

Dalili moja, magonjwa mawili, na tiba mbili tofauti. Dawa ya kufuta kila kitu ingeponya zote mbili bila ya kumfundisha mtu lolote, na baada ya miezi michache filamu zingejaa tena.

Si kila kitu kilichookoka. Tulipolifungua jedwali tulikuta kwamba vipimo vya siku 12 za mwisho havimo. Diski ilipojaa, mashine ilikuwa imekataa kuviandika, na aliyekuwa zamu alilifunga dirisha la onyo bila ya kulisoma. Kwa bahati, klabu ilikuwa na daftari la karatasi lililotundikwa karibu na kipimamvua, na wanafunzi waliviingiza upya jioni ile ile.

Umeme na diski

Sasa turejee kwenye diski isiyoandikika. Kanda ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na wakazi wa Mara wanajua kwamba ngurumo na kukatika kwa umeme ni ndugu. Umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika, kazi hukatika nusu.

Ili kupunguza madhara hayo, taratibu za mafaili za Linux zina daftari la kumbukumbu. Ext3 iliingizwa katika Linux mwaka 2001, na ext4 ikafuata mwaka 2008. Mfano wake ni mwenye duka ambaye, kabla ya kuhamisha mzigo ghalani, huandika kwanza: "nahamisha magunia 10 kutoka kushoto kwenda kulia". Taa ikizimika katikati ya kazi, atakaporudi atalisoma daftari na kujua pa kuendelea. Hata hivyo daftari hulinda zaidi mpangilio wa ghala kuliko yaliyomo katika kila gunia, na diski iliyochakaa huweza kuharibika hata daftari likiwapo. Mfumo ukigundua kosa la namna hiyo, mara nyingi hujifunga usiandike tena, ili usizidishe uharibifu. Hapo ndipo mtumiaji anaporudishwa mlangoni.

Tiba yake ina mpangilio usiovunjwa. Kwanza, okoa mafaili kwa kuwasha mashine kwa flashi. Pili, ukiwa bado katika mfumo wa flashi, ikague diski kwa amri ya "fsck". Amri hii haifai kamwe kutumiwa kwa diski inayoandikwa wakati huo huo, kwani ni sawa na kumfanyia mtu upasuaji huku anakimbia. Tatu, kama kosa linarudi baada ya siku chache, diski yenyewe imechoka, na hakuna amri itakayoiponya; nunua nyingine.

Kinga ni nafuu kuliko tiba. Kapu la taka limwagwe kila mwisho wa wiki, na "df -h" isomwe na mwanafunzi wa zamu kama asomavyo kipimamvua. Kila mwanafunzi, au angalau kila darasa, liwe na jina lake la kuingilia, ili kosa la mmoja lisiwafungie wote. Mamlaka ya mkuu wa mfumo yatumiwe kwa kazi inayoyahitaji tu. Kazi za thamani zinakiliwe mahali pawili, na nakala moja isikae katika chumba cha kompyuta. Kama fedha zinaruhusu, mashine yenye mafaili muhimu ipewe UPS, yaani betri ya akiba inayoishikilia kwa dakika chache ili izimwe kwa utaratibu.

Kusoma mashine inasema nini

Woga wetu wa kompyuta una historia. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na mlango ukakaa umefungwa kwa miaka mingi. Walimu wengi waliosomesha katika kipindi hicho hawakupata kuigusa mashine hiyo, seuze kuifungua. Mashine zilipofika shuleni zilipokewa kama kitu cha kutumiwa kwa tahadhari na kutengenezwa na mgeni.

Lugha nayo ilikuwa kizuizi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu programu zilikuwa huria: hakuna aliyehitaji kuomba kibali ili kuliandika upya neno lililoonekana kwenye skrini. Hata hivyo maonyo mengi ya Linux yangali kwa Kiingereza, na mwanafunzi akiyaona huyafunga bila ya kuyasoma, kama alivyofanya yule wa zamu. Mwalimu afanye desturi ya kulinakili kila onyo ubaoni na kulifasiri pamoja na darasa. Vipimo vya siku 12 vingeokoka kwa kusomwa sentensi moja.

Zoezi la darasani

Walimu wanaoweza kupata mashine moja ya majaribio, isiyo na kazi za mtu, wajaribu zoezi lifuatalo.

1. Unda mtumiaji mpya aitwaye "jaribio". Ingia kwa jina lake mara moja ili kuhakikisha kuwa yote ni sawa, kisha aga.

2. Ukiwa mtumiaji mwenye mamlaka, andika "sudo chown -R root:root /home/jaribio". Amri hii huikabidhi saraka yote ya "jaribio" kwa mkuu wa mfumo. Hakikisha jina umeliandika sawasawa, kwani ukikosea utamfungia mtu mwingine.

3. Bila ya kuwaeleza ulichofanya, waambie wanafunzi wajaribu kuingia kwa jina la "jaribio", kisha wayajibu maswali matano na kuandika kila jibu pamoja na yale ambayo jibu hilo limeyaondoa katika orodha ya sababu.

4. Watakapoitaja sababu, waitengeneze kwa amri "sudo chown -R jaribio:jaribio /home/jaribio", na wathibitishe kwa kuingia.

Maswali ya kujadili: Kwa nini jaribio la mtumiaji wa pili lina thamani kuliko kurudia neno la siri mara 10? Kwa nini kubadilisha jina la faili ni salama kuliko kulifuta? Ni vipimo gani vya shule yenu ambavyo, vikipotea leo, haviwezi kupimwa tena, na nakala yake ya pili iko wapi?